Mafundo Ishirini na Mawili

Sifaeli Eliud alitengeneza saa za watu wa Arusha kwa miaka arobaini na mitatu, na siku alipokunja meza yake karibu na Soko Kuu hakuna aliyemuuliza kwa nini. Watu walikuwa wameshaanza kutazama saa kwenye simu. Saa ya mkononi ikisimama, siku hizi hutupwa. Kitu kikiharibika hatafutwi fundi, hununuliwa kingine, nacho kikiharibika hivyo hivyo, na huo ndio unaoitwa mwendo.

Alirudi nyumbani kwake Lemara na sanduku la koleo ndogo, bisibisi nyembamba kama sindano, na kile kioo cheusi ambacho fundi saa hukibana kwenye tundu la jicho ili kijigurudumu kidogo kionekane kama gurudumu la trekta. Darasa la saba ndilo lililokuwa la mwisho kwake. Kiingereza alijifunza mwenyewe kwa katalogi za saa na kamusi iliyong'oka kurasa za mwisho, hata akawa anasema kwamba anajua Kiingereza chote isipokuwa maneno yanayoanza na w. Mkewe alikuwa amefariki, wanawe wako mbali. Alikuwa na miaka sabini na miwili na ulimi mkali, na majirani walimsalimia kutoka upande wa pili wa barabara.

Mwezi wa tisa Tabea alimletea barua. Tabea ni binti wa marehemu mdogo wake, Anande. Alikuwa na mwaka mmoja babake alipokufa, naye sasa ana miaka arobaini na moja na duka la dawa za mifugo Maji ya Chai.

"Baba mkubwa, soma mwenyewe," alisema. "Mama ameisoma mara tatu na hataki kula."

Barua ya polisi ilisema kwamba vielelezo vya kesi za zamani zilizofungwa bila kupata ufumbuzi vitateketezwa. Ndugu wenye haja navyo wafike ndani ya siku thelathini. Chini yake orodha, na katika orodha: *Marehemu Anande Eliud, 1984. Kamba moja yenye mafundo.*

Kila mtu mzima kule mlimani aliijua habari ya kamba hiyo, ingawa hakuna aliyekuwa ameiona. Aprili ya mwaka ule Anande alikutwa amekufa ndani ya kidimbwi chini ya banio, pale juu ukingoni mwa msitu ambapo mfereji hukinga maji ya mto. Kichwa kilikuwa kimepasuka. Shingoni alikuwa na kamba ya mgomba yenye mafundo, mengine ya kukunjwa mara moja, mengine mara mbili. Wakati huo serikali ilikuwa inawasaka wahujumu uchumi, na kahawa ilikuwa inapitishwa msituni kwa magendo kwenda Kenya, kwa njia inayopita palepale kwenye banio. Mpelelezi mmoja akatazama kamba, akahesabu, akasema huu ni ujumbe wa siri: fundo moja gunia moja, fundo la mara mbili magunia mawili, jumla thelathini na moja. Nani alitumiwa ujumbe, nani alimuua aliyeubeba, hayo hayakujulikana hadi leo. Lakini neno *mhujumu* lilikwisha kutoka mdomoni mwa mkubwa, na neno la namna hiyo halirudi.

Wazee wa usharika wa wakati ule wakaamua Anande azikwe kimya. Kengele haikupigwa. Wimbo haukuimbwa. Na kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya mwaka wa kanisa, majina ya marehemu wote wa usharika yanaposomwa, jina lake halisomwi. Vaileth, mjane wake, amekaa benchi lile lile mara arobaini akisikiliza majina ya walevi, wagomvi, na mtu mmoja aliyemuua mkewe kwa panga, na la mumewe halimo. Ndiyo sababu hakula. Jumapili hiyo ilikuwa inakuja, na kamba ilikuwa inakwenda motoni.

Sifaeli alivaa koti.

Ofisi ya vielelezo ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya karatasi zilizonyeshewa. Mtunzaji alikuwa dada wa Kiarusha aitwaye Soila, mwembamba, amevaa sweta la shule ya mtu mwingine.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimekuja kumchukua ndugu yangu."

Soila akainua uso. "Hapa hatulazi watu, mzee. Jaribu mochwari."

"Alibaki kidogo. Mnaye kwenye bahasha."

Dada yule alisoma barua, akaacha mzaha. Aliingia ndani kwa muda mrefu, akatoka na bahasha ya khaki na jalada lililofungwa kwa utepe. Alimruhusu kusoma hapohapo, amesimama. Kulikuwa na picha ya kidimbwi. Kulikuwa na karatasi ya mpelelezi, *ujumbe wa mafundo, haujafumbuliwa*, na chini yake hesabu, mafundo ishirini na mawili, magunia thelathini na moja, kana kwamba kutofumbua hakumzuii mtu kuhesabu. Halafu ukurasa mmoja mfupi: *Shahidi wa pili, Eliud, baba wa marehemu na mzee wa mfereji, ameonyeshwa kamba. Anasema hajawahi kuiona wala hajui maana yake.*

Sifaeli akausoma tena.

"Walimwandikia," alisema.

"Nani, mzee?"

"Baba yangu. Mpelelezi alimtilia maneno mdomoni. Baba hawezi kusema hajui kamba ya mfereji. Ni sawa na mchungaji kusema hajui msalaba."

Soila akaligeuza jalada upande wake, akaweka ukucha chini ya ukurasa. "Na sahihi hii? Nayo waliitia?"

Ilikuwa E yenye mkia mrefu, ile ile iliyoandikwa ndani ya Biblia ya nyumbani. Sifaeli akafunga jalada, akatia dole gumba kwenye kitabu cha makabidhiano, akachukua bahasha, akaondoka bila kuaga, jambo ambalo lingemfanya mama yake amchape.

Inabidi ieleweke kamba yenyewe ilikuwa nini, maana waliojua wamekufa na waliobaki wanafungua bomba. Mfereji Mkuu ulichimbwa kwa majembe ya mti na mababu wa nyumba ishirini na tatu, na maji yake yaligawanywa kwa zamu. Mgawaji alikuwa mmoja, kijana mwenye miguu na moyo. Kamba yake ilisukwa kwa ganda la mgomba lililoloweshwa, na kila fundo lilikuwa nyumba moja, kuanzia ya kwanza chini ya banio hadi ya mwisho mkiani. Fundo la mara moja, zamu ya mchana. Fundo la mara mbili, zamu ya usiku. Kamba ilionwa na watu wawili tu, mgawaji na mzee wa mfereji, kwa sababu nyumba ikijua zamu ya jirani itaanza kupiga hesabu. Hapakuwa na mita, hapakuwa na bili, na hakuna aliyelala na kiu. Leo maji yana kamati, kamati ina mihuri, na bomba linakohoa hewa siku nne kwa juma.

Sifaeli alijua kuisoma. Alipokuwa na miaka kumi na saba babu yake alimchagua awe mgawaji, akamfundisha misimu miwili, akimkaririsha nyumba zote wakipanda mlima kabla ya chai. Kisha Sifaeli akaona saa ya mzungu mmoja wa shamba la kahawa, imefunguliwa mgongo, na akatorokea mjini. Kamba akapewa Anande. Jambo hilo hakuwahi kulisema kwa mtu, hata Anande alipozikwa kama mhujumu, maana aliona aliyeitoroka kamba hana haki ya kuisemea, na baba, mwenye kuisemea, yupo; lakini lilikaa naye mezani miaka yote ile, chini ya kila saa aliyoifungua.

Kesho yake saa mbili asubuhi alitandika kitambaa cheupe dirishani, akabana kioo jichoni, akaimwaga bahasha.

Hakuanza na mafundo. Fundi mjinga ndiye huanza na palipovunjika. Alianza na ncha. Ncha moja ilikuwa na kitanzi cha kuvalia shingoni, ndicho kichwa cha kamba, upande wa banio. Mpelelezi alikuwa amebandika lebo yake kwenye ncha nyingine na kuhesabu kutoka mkiani, kama mtu anayesoma barua kuanzia "wako mtiifu." Halafu akatazama msuko. Mafundo yote yalipinda kushoto. Anande alikuwa wa mkono wa kushoto. Mama yao alimfunga mkono huo kwa kitambaa miaka miwili na haukukubali. Kwa hiyo ni kamba yake, ameifunga mwenyewe, na ganda likiwa bichi, kwa kuwa mafundo yalikuwa yamekaza yakazama. Fundo la ganda kavu hupasuka kingo.

Ndipo akahesabu. Ishirini na mawili.

Akahesabu tena kwa koleo, akigusa moja moja. Ishirini na mawili. Mpelelezi hapo hakukosea. Lakini nyumba zilikuwa ishirini na tatu, na hata mtu mwenye homa angezitaja. Akazitaja kwa sauti, peke yake chumbani, akipita na koleo: kwa Sadoki, kwa Ndekirwa, kwa Elinami...

Kati ya mafundo palikuwa na nafasi ya kidole kimoja, kote sawa. Anande alikuwa na jicho zuri. Baada ya fundo la tatu nafasi ilikuwa ya vidole viwili na zaidi.

Akashusha jicho. Pale katikati, nyuzi za ganda zilikuwa na mkunjo, wimbi dogo kama la nywele zilizosukwa zikafumuliwa. Palikuwa na fundo hapo. Lilifumuliwa kwa mwiba, taratibu, bila kukata uzi. Na ndani ya wimbi hilo ulipita unyuzi mwingine, mwembamba, wa rangi ya chai iliyopoa. Karatasi ya polisi iliuita *nyasi kavu*. Aliuinua kwa ncha ya koleo. Nyasi ina bomba. Huu ulikuwa bapa, umechanwa kwa urefu kutoka kwenye jani gumu.

Jani la sale. Lile ambalo huku mlimani aliyekosa humpelekea aliyemkosea, na mwenye kulipokea hawezi kukataa kusamehe.

Sifaeli akatoa kioo jichoni. Fundo lilifumuliwa kwa kosa moja tu katika sheria ya mfereji, kufungulia maji ya zamu ya mwenzako. Mgawaji akilifumua, hupitisha unyuzi wa sale mahali pake, maana yake nyumba hii imekatiwa maji mpaka ije yenyewe na jani kuomba radhi. Kisha hupanda mwenyewe kwenye banio kurekebisha mlango wa maji. Hilo ndilo lililompeleka Anande kule juu siku ile, na magunia hayakuwamo.

Nyumba ya kwanza kwa Sadoki, ya pili kwa Ndekirwa, ya tatu kwa Elinami.

Ya nne ni kwa Eliud. Kwao.

Alikaa pale mpaka jua likahama dirishani. Baba yao, mzee wa mfereji, mzee wa kanisa, aliyeongoza sala ya kila jioni, alikuwa anaiba maji. Mwanawe wa pili akamkatia, kama sheria ilivyotaka, bila kumwonea haya. Mwanawe akafa. Na alipoonyeshwa kamba, neno moja lake lingemtoa Anande kwenye uhujumu. Lakini neno hilo lingemlazimu aeleze pengo la nne. Akasema hajawahi kuiona. Akaishi miaka kumi na minne zaidi, akazikwa kwa kengele na kwaya mbili.

"Mzee mwongo wewe," Sifaeli aliliambia dirisha.

Alimkuta Vaileth jikoni kwake, juu ya Maji ya Chai, akimenya ndizi za mtori.

"Shemeji, umekonda. Hao majirani wako Lemara hawakulishi?"

"Wananiogopa."

"Wana akili."

Alimweleza yote, hata nyumba ya nne. Vaileth aliendelea kumenya mpaka ndizi ile ikaisha.

"Siku tatu za mwisho Anande alikataa kula kwa baba yenu," alisema. "Nikamuuliza, akasema mambo ya mfereji. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, na mtoto mgongoni. Walikuja polisi, wakaja wazee, wote walimuuliza baba yenu. Mimi niliyelala naye hakuna aliyeniuliza hata alikuwa amevaa nini." Akachukua ndizi nyingine. "Alimuua?"

"Sijui. Mawe ya pale yana ukungu, mtu huteleza. Kamba haijui."

"Basi tuseme inachokijua."

Jumamosi kabla ya Jumapili ya majina, baraza la wazee wa kanisa lilikaa katika ofisi ya usharika. Mchungaji Frederick, kijana mwenye adabu, alikaa pembeni. Kiti cha mbele alikikalia Reginald, mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa baraza, ambaye huzungumza na watu wazima kama wanaosubiri kupewa daftari zao. Sifaeli alieleza kamba. Wazee wengi walikuwa wanaume wa miaka hamsini, waliokulia kwenye bomba. Walinyoosha shingo kama watoto. Akaeleza na pengo la nne, na maana yake.

Reginald alikohoa. "Kaka Sifaeli, tumekusikia. Sisi si watu wabaya. Kwamba kamba ni ya maji na si ya magendo, hilo linatosha. Kesho jina la Anande litasomwa. Hiyo sehemu nyingine... tuiache. Mzee Eliud jina lake liko kwenye jiwe la msingi la kanisa hili."

"Kamba haisomwi nusu."

"Unamvua babako nguo hadharani?"

"Alimvisha mwanawe gunia. Miaka arobaini. Mimi namvua koti tu."

Mzee mmoja alicheka, akajifanya anapiga chafya.

"Basi sikiliza," Reginald alisema, na sasa kalamu ilikuwa mezani. "Ukishikilia hilo, suala zima litarudi kuchunguzwa. Tutaunda kamati. Kesho jina halitasomwa. Chagua."

Jina halikuwa lake kuliweka rehani. Sifaeli akamgeukia Vaileth, aliyekuwa amekaa mlangoni na Tabea, kwenye viti vya wageni.

Vaileth hakusimama. "Mwalimu Reginald, wewe ulikuwa darasani siku tulipomzika?"

"Nilikuwa nafundisha, ndiyo."

"Uliwaambia watoto wafunge madirisha wasitutazame. Mwanangu huyu alilia njia nzima na sikuwa na wimbo wa kumtulizia, kwa kuwa mlikataza wimbo. Mimi nimeshakaa Jumapili arobaini. Naweza kukaa ya arobaini na moja. Shemeji, soma kamba."

Sifaeli akakivaa kitanzi shingoni, kama inavyotakiwa, akaanza kusoma kutoka kwenye banio. Kwa Sadoki, mchana. Kwa Ndekirwa, usiku. Kwa Elinami, mchana. "Kwa Eliud, kwetu, hakuna fundo. Aliiba maji." Hakupunguza sauti wala hakuiongeza. Akaendelea. Reginald alifungua mdomo kumkatiza, na mzee aliyekuwa kulia kwake akamshika mkono, akisema, "Ngoja kwanza, mwenyekiti, hajafika kwetu." Na hapo ndipo mambo yalipogeuka, maana kila mmoja mle ndani alikuwa anasubiri nyumba ya babu yake itajwe na mtu wa mwisho duniani anayeweza kuitaja.

"Ya kumi na tisa, kwa Reginald mkubwa. Usiku."

"Usiku?" Reginald alisema, na kwa sekunde moja alikuwa mtoto. "Kumbe. Baba alikuwa anatuambia anakwenda kuwinda nungunungu."

Chumba kizima kikacheka, hata Vaileth.

Alipomaliza nyumba ya ishirini na tatu hakuna aliyetaja kamati. Mchungaji Frederick aliivuta mbele yake orodha ya majina ya kesho, akauliza kwa upole mwaka wa kufa, akaandika. Reginald alisema tu kwamba habari za mzee Eliud hazitaingia kwenye muhtasari.

"Usiziandike," Sifaeli alimjibu. "Nina mdomo."

Na aliutumia. Jioni ile ile alisimulia dukani kwa Tabea mbele ya wanunuzi wa dawa za kupe, na kwenye vibanda vya ndizi barabarani. Ndugu wa ukoo walimpigia simu. Mmoja alimwita mlaanifu. Akamwambia kwamba laana ilishapita humu ukooni na kuzikwa kwa kwaya mbili.

Jumapili majina yalisomwa kwa miaka, kuanzia wale waliobatizwa na wamisionari. Huchukua saa nzima. Vijana hutoka nje na simu zao. Desturi ni kwamba jina likitajwa, ukoo wake husimama, kisha hukaa. Wakafika elfu moja mia tisa themanini na nne. *Anande Eliud.* Vaileth akasimama, ameshika benchi la mbele kwa mikono miwili. Tabea akasimama. Sifaeli akasimama, na alikawia kukaa, akasimama hadi majina mengine matatu yalipokwisha kupita, koo nyingine zikiinuka na kushuka kumzunguka.

Wakafika tisini na nane. *Eliud, mzee wa kanisa.* Mabenchi matatu yaliinuka kwa pamoja, ndugu wa ukoo, wajukuu, wake zao, suti na vitenge. Hata Vaileth aliinuka, kwa heshima ya mkwe. Sifaeli alikaa. Kichwa kimoja kikageuka, kikafuata kingine, na kule mbele Reginald alimwonyesha kwa kiganja, inuka.

Tabea akainama, akamvuta ukosi wa koti. "Baba mkubwa," alinong'ona, "simama, watu wanatazama."

"Nimeshasimama," alisema Sifaeli.